Pamba ya Kutolea Rangi ya Kucha



 

Mama mmoja alitusubiri baada ya darasa la alasiri. Aliketi nyuma ya pazia mpaka wenziwe wote wakaondoka, kisha akasema, "Maalim, nina suala, lakini naona haya kuliuliza, kwa kuwa ni suala la pamba." Tukamwambia aulize, kwani dini yetu haikuacha jambo la nyumbani bila ya kulisemea. Akatueleza kwamba binti yake wa miaka 16 alikwenda harusi ya mtoto wa shangazi yake siku ya Ijumaa baada ya magharibi, akapaka rangi ya kucha kama wenzake, na tangu hapo hadi siku ile, Jumanne, hajaswali. Akiulizwa, ajibu kuwa rangi haijatoka. Alijaribu kuitoa kwa tishu, ikapakaa vidole vizima. Akajaribu kwa pamba aliyoikuta kabatini, kucha zikajaa nyuzinyuzi. Mwishowe akaacha, akasema itabambuka yenyewe. "Nami nikataka kuikwangua kwa wembe," akasema mama yule, "nikamkata kidole. Akalia, na sasa hatusemezani."

Tulihesabu kimoyomoyo: isha ya Ijumaa, tano za Jumamosi, tano za Jumapili, tano za Jumatatu, na tatu za Jumanne. Swala 19 zimepotea, na kilichozipoteza si ukafiri wala ukaidi; ni kukosa kipande cha pamba kinachofaa.

La kwanza lililotujia ulimini lilikuwa kukemea, nasi tulilimeza, kwa sababu tuliwahi kukemea hapo kabla na tukaona mwisho wake. Miaka kadhaa iliyopita tulimkuta binti yetu wa tatu na kucha nyekundu wakati wa swala ya adhuhuri. Tulisema maneno mengi, tena makali, tukaichukua chupa ya rangi na chupa ya dawa ya kuitolea, zote mbili, tukazitupa jaani. Mtoto hakuswali siku ile. Alivaa glovu za kuoshea vyombo, akajifungia chumbani. Watu wa nyumbani kwetu walitutazama hata tulipomaliza, kisha wakatuambia kwa upole, "Maalim, iliyo kwenye chupa umeitupa, lakini iliyo kuchani umeiacha palepale. Ungekwenda kumnunulia pamba."

Basi tukatoka, na kilemba chetu kichwani, tukaenda dukani kuomba pamba. Mwenye duka hakuuliza ni ya nini, nasi hatukumwambia. Tukarudi na bunda la pamba ya rola, ile nyeupe iliyokunjwa ndani ya karatasi ya buluu. Watu wa nyumbani waliipokea, wakaigeuza, wakasema, "Hii ni ya maiti." Na kweli, sisi pamba tuliyoijua maisha yetu yote ni ile inayotiwa kafuri na kuwekwa ndani ya sanda. Siku ile tulijifunza kwamba kuna pamba na pamba, na hayo tuliyojifunza, pamoja na mengine tuliyoyauliza baadaye, ndiyo tunayoyaandika leo.

Hukumu tuiseme kwa ufupi, maana wengi waijua. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 6, ametuamrisha tunapotaka kuswali tuoshe nyuso zetu na mikono yetu mpaka viwikoni, tupake vichwa vyetu, na tuoshe miguu yetu mpaka kwenye vifundo. Kuosha ni maji kutiririka juu ya kiungo chenyewe, na ukucha ni sehemu ya mkono na ya mguu. Rangi ya chupa ikikauka huwa utando mfano wa plastiki nyembamba, na maji hayaoshi kilicho chini yake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Al-Majmu' kwamba mtu akiwa na nta, au unga uliokandwa, au hina yenyewe juu ya kiungo chake, ikazuia maji kufika, tohara yake haisihi. Lakini hina ikishaondolewa, ikabaki rangi yake bila ya mwili wake, tohara ni sahihi. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya hina ya bibi zetu na rangi ya chupa: hina huingia ndani ya ukucha, na rangi ya chupa hukaa juu yake. Nao wanaotuuliza kwa nini hili lihalalishwe na lile likatazwe tunawajibu kwamba hakuna lililokatazwa. Mwanamke apake rangi aitakayo ajipambe kwa mumewe na mbele ya wanawake wenzake. Kinachotakiwa ni aitoe kabla ya udhu na kabla ya josho.

Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mahali kwenye unyayo wake kadiri ya ukucha bila ya kufikwa na maji. Mtume (S.A.W.) alipomwona alimwamuru arudi akatawadhe vizuri. Kadiri ya ukucha mmoja! Na aliyepaka rangi ana kucha 10 za mikono, na mara nyingi 10 nyingine za miguu ambazo huzisahau kwa kuwa zimo ndani ya soksi. Mwenye kupaka rangi hali ana udhu, ataswali kwa udhu ule mpaka utakapotenguka. Ukitenguka, hana budi kuitoa. Rangi haina hukumu ya khufu, kusema mtu aivae kwa tohara kisha apanguse juu yake.

Wapo waliotuletea rangi zinazoitwa "zinazopumua". Kampuni ya Inglot ya Poland ilitengeneza moja inayoitwa O2M, na mwaka 2013 habari zake zilienea sana kwa wanawake wa Kiislamu duniani. Baadhi ya wanazuoni walilegeza, wengine wakakataa. Rai yetu ni kwamba unyevu kupenya kidogokidogo ndani ya utando si sawa na maji kutiririka juu ya ukucha, na Muislamu hajengi swala yake juu ya maneno ya lebo. Aipake akipenda, kisha aitoe kama rangi nyingine. Basi turudi kwenye pamba.

Jambo ambalo wengi hawalijui, nasi hatukulijua, ni kwamba rangi ya kucha haitoki kwa kusugua. Hutoka kwa kuyeyuka. Kinachoiyeyusha ni asetoni, au dawa nyingine mfano wake, na asetoni hukauka upesi mno. Ukiimimina kiganjani huioni imekwenda wapi. Kwa hiyo kazi ya pamba ni kuishika dawa ile na kuikalisha juu ya ukucha muda wa kutosha kabla haijaruka hewani. Mwenye kulielewa hili hahitaji tena kuelezwa kwa nini tishu haifai: tishu haina tumbo la kuhifadhi maji, hukauka kabla ya kazi, kisha huchanika na kugandamana na rangi. Pamba ya rola ina tumbo, bali tumbo kubwa kupita kiasi. Hunywa nusu chupa ya dawa, na nyuzi zake hazikufungwa, kwa hiyo rangi ikilainika huzikamata zikabaki juu ya ukucha. Nyuzi zile zikikauka pamoja na mabaki ya rangi, zimekuwa kizuizi kipya juu ya kizuizi cha kwanza. Vitonge vya pamba vya mviringo vina ila hiyohiyo, ijapokuwa ndogo zaidi.

Zinazofaa ni zile pamba bapa za duara, zinazopangwa ndani ya mfuko mrefu kama biskuti. Pamba hizi zimeshindiliwa, na nyingi zimebanwa au kushonwa ukingoni ili tabaka zake zisiachane. Lakini nazo si sawa zote, na mama anayekwenda dukani aangalie haya.

Kwanza asome mfuko. Nyingine ni pamba tupu, asilimia 100. Nyingine zimechanganywa na viskosi au poliesta. Viskosi haina neno, kwani nayo hunywa maji vizuri. Poliesta ndiyo isiyopenda kunywa, na pamba yenye poliesta nyingi huisukuma dawa ikamwagika pembeni mwa kidole badala ya kuishika. Mfuko usipoandikwa kitu, na mingi ya bei rahisi haikuandikwa, kuna jaribio la zamani ambalo mafundi cherehani wanalijua. Achukue pamba moja kavu, isiyoguswa na dawa yoyote, aichome kwa kiberiti juu ya sinia la chuma. Pamba tupu huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini. Yenye poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kitone kigumu cheusi kama shanga.

Pili, aisugue pamba kavu mara mbili tatu juu ya mkono wa buibui jeusi. Tumelipenda jaribio hili kwa kuwa kila mama wa pwani anacho chombo chake tayari. Ikiacha manyoya meupe kwenye buibui, itayaacha kwenye ukucha. Ikiwa haikuacha kitu, ainunue.

Tatu, avute ukingo kwa vidole viwili. Tabaka zikifumuka kwa mvuto mdogo, pamba ile haitastahimili kucha tatu.

Unene wake uwe wa wastani. Nyembamba sana hupitisha dawa mpaka kwenye vidole vya mwenye kuishika. Nene sana ni israfu, nayo israfu haikupendezwa hata mtu akiwa ukingoni mwa mto. Nyingi zina nyuso mbili, mmoja laini na mmoja wenye vijistari au mistari. Uso wenye mistari ndio wa kucha. Tena si lazima kutumia nzima: ikatwe robo nne kwa mkasi, kila robo yatosha ukucha mmoja wa mkono, na hivyo pamba tatu zatosha mikono miwili na baki. (Pamba yenyewe yalimwa hapa kwetu, huko Mpeketoni katika Kaunti ya Lamu, ilhali mifuko yote tuliyoishika sisi madukani imeandikwa majina ya nchi za mbali. Hilo nalo lina mahali pake pa kulizungumza, si hapa.)

Namna ya kuitumia: irowe dawa, iwekwe juu ya ukucha, ibonyezwe, na mtu ahesabu polepole mpaka 10 au 15. Wala asisugue. Kisha aivute kutoka shinani mwa ukucha kwenda nchani, mara moja, kwa nguvu kidogo. Binti zetu hukosea hapa. Husugua kwenda na kurudi, na rangi iliyoyeyuka huenea kwenye ngozi, hasa nyekundu iliyoiva na nyeusi. Kila ukucha upate upande safi wa pamba. Rangi yenye vimeremeta ni ngumu kuliko zote, nayo hutakiwa ifunikwe kwa pamba iliyorowa dakika kadhaa.

Akimaliza, aende penye mwanga wa jua, si wa taa, apitishe ncha ya kidole gumba juu ya kila ukucha. Mabaki hukaa kwenye pembe mbili na pale ukucha unapokutana na ngozi. Hapo atumie kijiti cha pamba cha masikioni kilichorowa dawa. Baada ya hapo aoshe mikono kwa sabuni, atawadhe. Wapo watakaoona ukucha umebaki na umanjano au wekundu hafifu, wakaingiwa na shaka. Ikiwa kidole hakigusi kitu na kinachoonekana ni rangi tu iliyoingia ndani ya ukucha, hukumu yake ni ile ya athari ya hina, na udhu ni sahihi. Na dawa nyingine huacha mafuta kidogo; hayo nayo hayazuii, maadamu maji yanapita juu ya ukucha. Akishatazama na kugusa, inatosha. Waswasi ni mlango, na kuufunga ni rahisi kabla haujafunguliwa.

Sasa tuseme juu ya rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa saluni. Hii si rangi ya kufutwa. Sharti uparuliwe uso wake kwanza kwa tupa ya kucha mpaka mng'aro uondoke, kisha robo ya pamba iliyorowa asetoni halisi iwekwe juu ya ukucha, kidole kifungwe kwa karatasi ya foili ya jikoni, na akae hivyo dakika 10 hadi 15. Jeli huvimba na kuachia, nayo husukumwa kwa kijiti cha mti. Isiyoachia ifungwe tena. Kuibambua kwa meno au kisu huondoka na tabaka la ukucha, na ukucha huo hubaki na maumivu wiki nyingi. Sisi hatusemi jeli ni haramu. Twasema tu kwamba mwanamke anayeswali, kabla ya kunyoosha mkono mbele ya fundi, ajiulize ataitoa lini na kwa kitu gani. Wengine huipaka wakiwa katika siku zao, na hilo halina tatizo, lakini wakitoharika na jeli iko palepale, josho lao halikutimia, na swala zote zinazofuata zimejengwa juu ya josho hilo. Mwenye kupaka katika siku zake aweke pamba na dawa tayari kabla ya siku ya kutoharika.

Na kwa wanaobandika kucha za bandia, tahadhari moja kubwa. Gundi yake ikimwagika bado maji, isifutwe kwa pamba wala kwa kitambaa cha pamba. Gundi ya aina ile ikikutana na pamba hupata moto yenyewe, hata ikatoa moshi na kuchoma ngozi. Imwagiwe maji kwa wingi. Kanga zetu ni za pamba, na mtu aliyemwagikiwa gundi mkono wake wa kwanza huenda kwenye kanga.

Jambo la moto latufikisha kwenye asetoni yenyewe. Hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu bali hutambaa sakafuni. Fikirini mambo ya nyumba za harusi: wasichana wameketi juu ya mkeka, chupa ya dawa i wazi, pamba zilizorowa zimerundikwa kwenye kisahani, na kando yao, sakafuni vilevile, chetezo cha udi kina makaa mekundu. Nyumba ni ya Mji wa Kale, dirisha limefungwa kwa sababu ya wanaume walioko barazani. Kazi hii ifanywe penye dirisha wazi, mbali na chetezo, mbali na jiko, na pamba zilizotumika zifungwe ndani ya mfuko zitolewe nje. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kwani ni nyeupe kama maji, na mtoto mwenye kiu hasomi. Iwekwe juu, penye kufuli kama dawa za hospitali.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike haya yote.

Asubuhi moja, miaka michache nyuma, tulipigiwa simu kutoka nyumba ya msiba. Msichana wa miaka 20 alikuwa amefariki ghafla usiku, siku chache baada ya harusi ya dada yake. Waosha maiti watatu, wanawake watu wazima wenye uzoefu, walikuwa wamemlaza kitandani tayari kwa josho. Maji ya mkunazi yapo, kafuri ipo, sanda ishakatwa. Walipofunua mikono, wakakuta kucha zote zina jeli ya rangi ya waridi. Miguu pia. Hawakuwahi kukutana nayo. Mmoja akaomba kisu aikwangue. Mkubwa wao akamkataza, akamkumbusha hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, akasema, "Mwosha huoshwa. Wewe ungependa ukwanguliwe?" Ndipo wakatupigia, na nyuma ya sauti yake tulisikia mama mtu akilia.

Tuliwaambia wasubiri, wasitumie kisu. Nje wanaume walishaanza kuuliza jeneza litatoka saa ngapi, na wengine walitukumbusha, na ni kweli, kwamba sunna ni kuharakisha maziko. Tukawaambia kwamba josho nalo ni haki ya maiti, na hakuna haraka inayoiondoa haki hiyo. Tukamtuma kijana akatafute asetoni. Akarudi akasema maduka ya vipodozi hayajafunguliwa. Basi jirani mmoja akamwamsha binti yake, naye akaja na mfuko wake mdogo wa zipu. Ndani yake mlikuwa na pamba za duara, chupa ya asetoni, tupa na karatasi ya foili. Msichana yule walikuwa marika na marehemu. Waosha maiti wakamfunika buibui lake kwa kanga, wakamwonyesha pa kukaa, na yeye akaanza kukata pamba robo robo.

Tulielezwa baadaye kwamba alifunga vidole vyote 20, kimoja baada ya kimoja, na kila alipokifunga alisema bismillahi kwa sauti ndogo. Ilimchukua muda wa saa nzima. Hakukwangua hata mara moja. Walipomaliza, kucha zilikuwa tupu, na waosha maiti wakaanza josho kwa kulia, na viungo vya udhu, kama Mtume (S.A.W.) alivyowaelekeza Ummu Atiyya na wenziwe walipomwosha binti yake. Jeneza lilitoka baada ya adhuhuri. Lau ingeshindikana kabisa, tungewaambia waoshe wanachoweza na wamtayamamishe kwa sehemu ambayo maji hayakufika, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa iwezalo. Lakini haikushindikana. Ilihitaji pamba, dawa, na msichana aliyejua.

Usiku wa hitma, mama wa marehemu alituma mtu kutuuliza: swala za mtoto wake katika siku zile alizokuwa na rangi, zina hali gani? Tulikaa na suala lile. Tulimjibu kwamba yaliyo baina ya mja na Mola wake hatuna daftari lake, kwamba huenda hakuwa na swala siku zile kwa udhuru wa wanawake, na kwamba Mola ni Mwingi wa rehma, basi amwombee. Hakuuliza tena. Nasi hatujalisahau suala lile.

Tangu siku hiyo tumewaomba waosha maiti wa mitaa yetu waongeze vitu vitatu kwenye mikoba yao, pamoja na kafuri na mkasi: mfuko wa pamba bapa za duara, chupa ndogo ya asetoni iliyofungwa vizuri, na karatasi ya foili. Wawili kati yao wametuambia wameshavitumia. Mitaa ambayo bado haina, kamati za msikiti zivinunue. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chai ya kikao kimoja.

Ama mama wa lile suala la pamba, tulimwambia amwombe binti yake msamaha kwa ule wembe, kisha amnunulie pamba na dawa, akae naye waitoe pamoja. Zile swala 19 azilipe zote, kwani rangi ya kucha si udhuru, na tulimpa njia nyepesi: kila fardhi ya siku aifuatanishe na moja ya kulipa, asichelewe. Juma lililofuata alikuja tena darasani, akaketi palepale nyuma ya pazia. Akasema amelipa 12, zimebaki 7, na mfuko wa pamba uko kwenye rafu ya bafuni, binti mwenyewe ndiye aliyeuweka.

Juma lijalo, inshaallah, tutajibu suala la piko, lililoulizwa na mama wawili kutoka Lamu ambao mabinti zao wamevimba mikono.